Riwaya Imekubana Wapi? Namna ya Kusema Juu ya Kitabu Kilichokuvunja Moyo

Mteja akinirudishia gauni na kusema halikai, simjibu neno mpaka alivae asimame mbele ya kioo. Kisha namuuliza: linabana wapi? Kwapani? Kifuani? Ukikaa ndiyo linapanda, au hata umesimama? Nina miaka kumi na tisa kwenye cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na bado sijapata mteja aliyekosa jibu akishaulizwa hivyo. Yuko anayekuja anafoka, umeniharibia kitambaa changu, kumbe zipu tu imeshuka kidogo. Na yuko anayekuja kwa upole, "dada, hapa kidogo tu", nikipima naona mkato wenyewe umekosewa, kitambaa ndiyo basi tena.

Vitabu nimejifunza kuvisema kwa njia hiyohiyo, na nimejifunza kwa aibu. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe uchukue kitakachokufaa siku riwaya itakapokuvunja moyo na watu wakataka kusikia kwa nini.

Tuna kikundi cha kusoma, watu wanane. Tulianza mwishoni mwa 2021, Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopewa Nobeli ya Fasihi, kila mtu akawa anamuuliza mwenzake umemsoma, na wengi wetu hatukuwa tumemsoma. Kila mwezi tunatoa elfu tano tano, tunanunua nakala tatu za kitabu kimoja, zinazunguka. Tunachagua kwa zamu, na aliyechagua ndiye anayefungua mazungumzo. Zamu yangu nilichagua riwaya ya familia ya pwani: nyumba ya urithi, bibi, watoto watatu, harusi, msiba. Jina lake silitaji. Mwandishi yu hai, na wewe unacho chako kilichokukera.

Nilikitaka kile kitabu. Jalada lina mlango wa kuchonga, nyuma wameandika kwamba humo ndani mna "roho ya pwani". Nikakisoma siku nne, usiku, baada ya kufunga kibanda. Kila usiku nikawa nazidi kununa.

Usiseme usiku huohuo

Nilimaliza saa tano usiku, nikachukua simu, nikarekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne, nikautuma kwenye kundi letu. Nikasema huyu mwandishi hatujui. Baba mtu yupo, kakaa kwenye mkeka kama gunia la mkaa, halafu anayesema posa ikubaliwe au isikubaliwe ni mjomba! Wapi umeona? Nikasema na mengine ambayo leo siyarudii.

Asubuhi nafika kibandani namkuta jirani yangu kakaa kwenye baraza. Ni mwenzetu kikundini, Mdigo, anauza vitumbua. Baada ya salamu akaniuliza, "Kwani hao watu upande wa mama ni watu wa wapi?" Nikamwambia sikumbuki. "Ukurasa wa kumi na moja. Mama yao katoka Mkinga. Mdigo kama mimi."

Wadigo, kuanzia Kwale huko Kenya mpaka huku kwetu, tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, hata urithi ukapita huko. Dini na sheria zimebadilisha mengi, lakini mjomba bado ana neno lake. "Posa yangu mimi," akaniambia huku anahesabu chenji ya mtoto aliyekuja kununua, "ilikaa wiki tatu inamsubiri mjomba atoke Kwale. Baba alikuwa anakunywa kahawa tu."

Basi lile nililolishupalia kuwa kosa ndilo jambo ambalo mwandishi alilijua kuliko mimi, mimi mzaliwa wa Tanga niliyezungukwa na Wadigo maisha yangu yote. Na ukurasa wa kumi na moja nakumbuka vizuri kwa nini ulinipita: mtu aliingia kuchukua sare ya shule ya mtoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kitabu kilichokukera, kiweke siku mbili. Siku ya tatu rudia kurasa ishirini za mwanzo, maana huko ndiko mwandishi anakopanda mbegu, na sisi ndiko tunakosoma kwa pupa. Halafu kila mahali unapotaka kusema "mila haiko hivi", andika kwanza "kwetu haiko hivi", kisha tafuta mtu mzima wa huko kitabu kinakotaja umuulize. Harusi ya Lamu si ya Tanga, ya Tanga si ya Kilwa. Hapa kwetu tu, ukihama mtaa unakuta wanatia hina siku nyingine. Na sisi watu wa Tanga tuna kiburi, tunasema Shaaban Robert alizaliwa kwetu, Vibambani, mwaka 1909, kwa hiyo lugha na mila tunazo mfukoni. Nakuonya kuhusu kiburi hicho kwa sababu kilinitia aibu mbele ya muuza vitumbua.

Mshono au mkato

Baada ya aibu ile nikachukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikafungua kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja nikaandika MSHONO, upande wa pili MKATO. Nikaanza kukifumua kitabu.

Mshono ukikosewa unafumuliwa na kushonwa upya. Mkato ukikosewa hakuna namna, kitambaa kimekwisha kukatwa. Kwenye riwaya, mshono ni haya: jina la mtu linabadilika katikati ya kitabu, gari linatoka Tanga asubuhi linafika Dar es Salaam kabla ya jua kupanda, bamia zinapikwa kwenye mchuzi ambao hakuna mtu angezitia, herufi zimekosewa. Chetu kilikuwa na haya kadhaa. Kurasa mbili zilikuwa zimechapishwa mara mbili, na hilo si la mwandishi hata kidogo, ni la mchapishaji. Andika, ila usilikuze. Nimeona watu wanajaza maoni mazima kwa makosa ya mshono, halafu ukiwauliza kitabu kinahusu nini hawana jibu.

Mkato ndio wenye kazi. Unajuaje kwamba umekosewa? Nina vipimo vitatu, vyote nimevipata kwenye kitabu kilekile.

Cha kwanza ni bibi. Kwenye riwaya za familia na mila lazima awepo bibi, na bibi wa kwenye kitabu chetu alikuwa haongei ila kwa methali. Mjukuu anamuuliza, bibi umekula? Anajibiwa kwa methali. Nikuletee maji? Methali. Nikahesabu kwenye kurasa nne, methali tisa. Bibi yangu mimi, Mungu amrehemu, ukimuuliza umekula alikuwa anakujibu, "Nimekula nini, wali wenu ule mbichi?" Methali alikuwa nazo, tena kali, lakini alizitunza kama dhahabu. Alitoa moja kwa mwaka na ilimchoma mtu. Kwa hiyo mwulize bibi wa kitabuni swali la kawaida, la chakula au la dawa ya mguu, uone kama atajibu kama mtu. Soma majibizano kwa sauti, cherehani imezimwa. Sikio litakuambia.

Cha pili ni maelezo. Kuna mahali binti anafungua sanduku la marehemu mama yake, anatoa kanga. Nilikuwa nimekaa sawasawa nisome kilichomo moyoni mwake. Mwandishi akasimama hapohapo kunieleza kwamba kanga ni vazi la jadi la wanawake wa pwani, kwamba huuzwa doti, yaani vipande viwili, kwamba lina pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani maandishi yake. Kweli tupu yote. Lakini anamweleza nani? Binti aliyelelewa kwenye mbeleko ya kanga hawezi kuwaza kwamba hiki ni vazi la jadi. Anawaza kwamba bado kina harufu ya karafuu, au kwamba hiki ndicho alichojifunga siku ile walipogombana. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo, jiulize ni nani chumbani mle anayehitaji kuambiwa. Kama hayupo, basi mwandishi amemwacha mhusika wake peke yake na kwenda mlangoni kupokea wageni.

Cha tatu ndicho kikubwa, na kama una nafasi ya kipimo kimoja tu chukua hiki: nani amelipa? Mila yoyote ndani ya kitabu, tafuta ni nani iliyemgharimu. Harusi ya kwenye riwaya yetu ina kurasa thelathini na sita. Imo singo ya kumsugua bibi harusi, imo hina, imo kesha, zimo ada za kutolewa, kilemba, mkaja, kipa mkono, yote imepangwa kama vitu vya kukodi. Hamna hata mtu mmoja anayeuliza fedha zimetoka wapi. Mimi nashona sare za harusi. Najua mama aliyeniletea kitambaa cha sare saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya harusi yenyewe, kwa sababu fedha ya kukinunulia aliipata jana yake usiku, na kukosa sare maana yake usiende, na kutokwenda maana yake siku yako nao hawaji. Nilimshonea kwa saa tatu, amekaa kwenye benchi langu na sidiria na kanga, hasemi kitu. Kwenye kurasa thelathini na sita sikumwona huyo mama.

Anayetaka ada za harusi zimeelezwa kwa utaratibu, kazi hiyo ilishafanywa zamani. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambamo mna maandishi mengi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, na hakuna anayekilaumu kwa kuorodhesha, maana ndicho kilichoahidi. Riwaya imeahidi jingine. Tunaitaka ituambie kilemba kilidaiwa shilingi ngapi, nani hakuwa nacho, nani alikopa akanyamaza, na nani mpaka leo anakumbuka.

Tazama kiu yako pia

Hapa ndipo pagumu, nami nilitaka nipapite.

Nilipokuwa nafumua nikafika kwenye ule ugawaji wa kanga za marehemu. Kitabuni ni aya moja. Watoto watatu wanagawana, wanalia, wanakumbatiana, yamekwisha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitupa kitabu kitandani. Mara ya pili nikajiuliza, kwani kosa la hapa ni kubwa kuliko la harusi? Si kubwa. Basi mbona hasira yote ile?

Mama yangu alipofariki, baada ya arobaini tulifungua sanduku lake mimi na dada yangu. Doti thelathini na moja. Kulikuwa na moja nyekundu na nyeusi imepauka, jina lake "Hasidi hana sababu", ambayo mama alipenda kujitanda akienda sokoni. Niliichukua bila kuuliza, nikaikunja chini ya nyingine. Dada yangu aliona. Hakusema kitu siku ile. Hatukusemeshana miaka miwili. Kisha kukawa na harusi ya binamu yetu Pangani, nikakaa kwenye jamvi, akaja dada akakaa mbele yangu. Kajifunga kanga mpya kabisa, doti ileile, kaitafuta madukani mpaka kaipata, na maandishi yamekaa pale mgongoni yananitazama: HASIDI HANA SABABU. Nilicheka mpaka nikalia, naye akageuka, na ndiyo ikawa mwisho wa ugomvi.

Mimi nilitaka kitabu kile kinipe siku ile. Hakikuahidi. Mwandishi hamjui mama yangu.

Kwa hiyo kwenye daftari lako ongeza ukurasa wa tatu, uuite KIU. Humo andika yale uliyoyataka wewe ambayo kitabu hakikusema kitayatoa. Usiyafute, maana ndiyo yaliyokufanya usome mpaka saa tano usiku, lakini usimtwike mwandishi. Kipimo cha haraka: soma maneno ya nyuma ya jalada na sura ya kwanza, kisha uliza, je, hiki ninachodai kimo humu? Kama kimo na hakikutolewa, ni mkato. Kama hakimo, ni kiu. Ile aya ya kanga nikaigawa. Kwamba kifo cha mama kimepewa nusu ukurasa huku harusi ikipewa thelathini na sita, hilo ni mkato, kwa sababu sura ya kwanza inaanza na mama. Kwamba madada hawakununiana miaka miwili, hiyo ni kiu yangu.

Sasa andika

Usizidishe maneno mia tano. Ukizidisha unaanza kusimulia hadithi nzima, na walio kwenye zamu bado hawajasoma.

Fungua kwa kusema umesoma mpaka wapi. Kama uliishia ukurasa wa themanini, sema themanini. Hakuna haya. Kisha sema unakotazamia: mimi ni mwanamke wa Tanga, fundi cherehani, upande wa mama Mbondei, na hizi ndizo harusi ninazozijua. Hilo ni la haki kwa msomaji wako, ajue unapima kwa futi gani. Baada ya hapo eleza kitabu kinahusu nini kwa sentensi mbili ambazo hata mwandishi mwenyewe akizisoma angesema sawa. Ni ngumu kuliko unavyodhani. Zangu niliziandika mara tano, kila mara kejeli inapenya.

Halafu chagua jambo moja la mkato. Moja. Nukuu mistari miwili mitatu, taja ukurasa, onyesha panapobana. Nilichagua harusi, nikamtaja yule mama wa benchini, bila jina. Bibi na methali zake nikampa mstari mmoja kwa sababu alinichekesha. Makosa ya uchapaji sentensi moja, na nikamtaja mchapishaji, si mwandishi.

Neno "mwandishi hajui" lifute kila unapolikuta. Hujui anajua nini. Unajua tu kilichofika kwenye karatasi. Badala yake andika "kitabu hakionyeshi". Pia usiguse wapi anaishi, kasoma wapi, kaolewa na nani. Kwenye ule ujumbe wangu wa sauti niligusa, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi kuliko la mjomba.

Tafuta pia palipokaa. Si kwa ajili ya kupaka asali. Gauni lililokosewa kiuno laweza kuwa na kola nzuri ajabu, na fundi wa kweli anaiona. Kwenye kitabu chetu kuna ukurasa mmoja, kijana mdogo wa familia anarudi na samaki, anakuta wakubwa wanagombana ukumbini juu ya nyumba, anabaki uani amesimama na samaki mkononi hajui aende wapi, maji ya samaki yanamdondokea mguuni. Hakuna methali, hakuna maelezo. Nilipousoma ukurasa ule kwa mara ya pili nilimwonea mwandishi wivu. Nikauandika, nikasema laiti nyumba nzima ingeandikwa kutokea pale uani.

Kabla hujatuma, msomee aliyekipenda

Hili sikulifikiria mwenyewe, lilinitokea. Kikundini yuko binti aliyekulia Mwanza, baba yake mtu wa Tanga ambaye hakumrudisha nyumbani hata siku moja. Nilimsomea maoni yangu akiwa amekuja kupunguziwa sketi. Nilipofika pale pa kanga na maelezo, akaniambia, "Dada, mimi ndiye niliyekuwa mlangoni." Sikumwelewa. "Unasema mwandishi kaenda mlangoni kupokea wageni. Mgeni ni mimi. Shangazi zangu wakisema pindo na mji mimi hucheka tu nisionekane sijui. Kitabu hiki ndicho kilichoniambia."

Nikakaa na bobini mkononi.

Sikubadilisha hukumu yangu, maana bado naamini angeweza kuambiwa bila yule binti wa sandukuni kuachwa peke yake. Angeweza kuikunjua kanga, vidole vikafuata pindo, akasoma jina kimoyomoyo, na msomaji wa Mwanza akajua pindo ni wapi na jina ni lipi bila darasa. Lakini niliongeza mistari miwili kusema kwamba kwa msomaji aliyekulia mbali na pwani maelezo yale ni mkono wa kumkaribisha, na kwamba mmoja wetu alishukuru. Bila yeye ningeandika kana kwamba wasomaji wote wamezaliwa Ngamiani.

Tulipokutana nilisoma maoni yenyewe kwa sauti, maneno mia nne na sitini. Nilianza kwa kuomba radhi juu ya mjomba. Mzee wetu, mwalimu mstaafu, alisema nimekionea kitabu kwenye harusi, kwamba watu wengine wanataka kusoma harusi isiyo na deni walau mara moja. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Binti wa Mwanza akachukua nakala moja, akaenda nayo kwao. Ya pili ameshika jirani yangu Mdigo, ameikunja pembe ukurasa wa mjomba, kila anayekuja kununua vitumbua anasomewa. Nimemwambia mara mbili airudishe, zamu ya mwenzetu imefika. Anasema mjomba wake anakuja kutoka Kwale Ijumaa, anataka asomewe naye kwanza.